Roketi ya Zenit: je, ni siasa za 2014 zilizoimaliza?

MADA: Husemwa mara kwa mara kwamba Zenit ilikufa kwa sababu ya mgogoro wa Urusi na Ukraine ulioanza mwaka 2014. Napinga. Kwa maoni yangu, hukumu yake ilitoka mwaka 1991, Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika, na yaliyofuata yalikuwa utekelezaji tu.

Kwa uwezo haikuwa na la kuonewa haya. Ilibuniwa na ofisi ya usanifu ya Yuzhnoye, Dnipropetrovsk, ikarushwa kwa mara ya kwanza Baikonur tarehe 13 Aprili 1985, na iliweza kupeleka takriban tani 13 katika obiti ya chini kuzunguka dunia. Injini yake, RD-171, ina vyumba vinne vya mwako na msukumo wa zaidi ya tani 700, tena kwa kuchoma mafuta ya taa na oksijeni, si sumu kama ile iliyojazwa kwenye Proton, roketi nyingine kubwa ya Kisovyeti. Utaratibu wa kuirusha nao ulikuwa wa kipekee: roketi ililetwa kwa reli ikiwa imelazwa, ikasimamishwa, na mabomba ya mafuta yakajiunga yenyewe pasipo fundi kuikaribia.

Lakini kiwanda kilikuwa Ukraine, injini ilitoka Khimki karibu na Moscow, na uwanja wa kurushia, Baikonur, uko Kazakhstan. Sehemu hizo za taifa moja zilipojikuta katika nchi tatu, Zenit ikawa yatima, na Urusi ikaendelea kuitegemea Proton, ambayo ilikuwa yake mwenyewe.

MCHANGIAJI WA PILI: Ndugu mleta mada, yatima gani huyo aliyepata walezi kama Boeing? Kampuni ya Sea Launch, ambayo Boeing ilikuwa mbia wake, iliirusha Zenit kutoka jukwaa la baharini kwenye ikweta kuanzia Machi 1999, na ilifanya hivyo zaidi ya mara thelathini. Umekwepa kasoro za roketi yenyewe. Ilishindwa mara tatu mfululizo kati ya 1990 na 1992, na ile ya Oktoba 1990 iliharibu kabisa uwanja mmoja wa kurushia. Mwaka 1998 ilipoteza setilaiti 12 za kampuni ya simu ya Globalstar kwa mpigo. Januari 2007 ikalipuka jukwaani. Sea Launch iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2009, miaka mitano kabla ya mgogoro huo. Mteja hanunui msukumo, hununua uhakika wa mzigo wake kufika.

MLETA MADA: Kuhusu 1990 hadi 1992 sina ubishi. Ila mlipuko wa 2007 unanisaidia mimi: kwa kuwa maandalizi ya mwisho hayakuhitaji watu, wote walikuwa wamekwisha kuhamia meli ya uongozi, hakuna aliyeumia, na Januari 2008 jukwaa hilohilo lilirusha setilaiti ya mawasiliano Thuraya-3 ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Kufilisika nako kunathibitisha kwamba roketi isiyo na serikali ya kuiagizia mizigo hubaki ikitegemea soko la setilaiti za mawasiliano peke yake, na soko hilo halina huruma.

MCHANGIAJI WA TATU: Nyote mmeiacha Angola. Tarehe 26 Desemba 2017, mgogoro ukiwa umepamba moto, Zenit ilirushwa Baikonur ikiwa na AngoSat-1, setilaiti ya Angola, ikatimiza kazi yake. Iliyoharibika baadaye ni setilaiti. Haijarushwa nyingine tangu hapo. Basi anayeshikilia kwamba siasa za 2014 ndizo pekee zilizoiua atueleze safari hiyo iliwezekanaje, na anayesema ni kasoro za ufundi aeleze kwa nini iliacha kuruka baada ya kufanikiwa.