Turubai la Escudo limekakamaa huku Njombe, halifiki kwenye kioo

mwana_wa_chuno
Wakuu habari za saa hizi. Nina gari Suzuki Escudo ya zamani ya milango miwili, ile ya paa la turubai. Nyumbani Mtwara hainisumbui kabisa, jioni nafungua nakula upepo wa Shangani, nikirudi nafunga dakika mbili tu. Sasa nimekuja nayo Njombe kikazi, Masasi Tunduru Songea nimepita mchana turubai nimelikunja nyuma, nikaingia huku usiku na baridi hili la mwezi wa saba, kulirudisha wapi! Limekauka kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, loki za mbele zinabakiza vidole viwili kufika kwenye fremu ya kioo, na plastiki ya kuonea nyuma ukiigusa inalia kra kra. Jamaa hapa gesti anasema nipake mafuta ya taa litalainika. Nisaidieni, jumapili nageuza.

kusi_la_juni
Mafuta ya taa usithubutu mkuu!! Hilo ni vinaili, yaani plastiki laini, ulaini wake unatokana na kilainishi walichochanganya kiwandani, baridi ikizidi inakakamaa na kunywea kidogo, joto likirudi na yenyewe inarudi. Ukipaka mafuta ya taa au petroli unakitoa kile kilainishi, leo litalegea ila baadaye linapasuka kwenye mikunjo na plastiki ya kuonea inapata ukungu hausafishiki. Ngoja jua la saa tano saa sita, egesha sehemu isiyo na upepo, turubai livute mpaka linapofikia uliache hapo hapo, washa hita na feni juu kabisa. Likishapata joto mtafute mtu mvute pande mbili kwa pamoja, ukifunga loki ya upande mmoja kwanza unapindisha vyuma. Na hiyo plastiki ya nyuma usiikunje tena kukiwa na baridi, itapasuka katikati.

Mama Saluni Ligula
Kaka chukua draya ya nywele, weka joto dogo uipitishe pitishe kwenye mikunjo usikae sehemu moja. Plastiki ya kuonea usiielekezee itajikunja. Gari ya shemeji yangu tulifanya hivyo Makambako, likakubali

mzee wa korosho
Mi langu napaka mafuta ya nazi tu miaka yote, linang'aa

fundi_makochi_mikindani
@mzee wa korosho linang'aa ndio mzee wangu ila vumbi linaganda na kuvu inaota kwenye mishono, nayaona kila siku hapa kwangu.

Mleta mada, baridi unaisingizia tu bro. Escudo hizo zimeanza kutoka 1988, kama turubai ni lile lile lililokuja na gari basi jua la kwetu limeshalikausha zamani, limenywea, ila kwa joto la Mtwara linavutika ndo maana ulikuwa huoni, huko ndo limekuumbua. Angalia loki kama zina skrubu ya kurefusha, legeza pande zote sawa sawa. Zipu zisugue mshumaa, raba za milango pulizia silikoni. Ukirudi lioshe maji mengi na sabuni laini utoe chumvi ya bahari, sio sabuni ya unga, likauke kabisa ndo upake dawa ya vinaili. Na kukunja likiwa limelowa ni marufuku.

mwana_wa_chuno
Asanteni sana, dada wa gesti kaniazima draya. Loki ya kulia imeingia, ya kushoto bado kidogo ila mvua haipiti tena. Fundi nikishuka Mtwara unaweza kubadili plastiki ya nyuma bila kushona turubai zima?

fundi_makochi_mikindani
Inawezekana kama kitambaa cha pembeni kinashika uzi, nikikiona ndo nitakwambia, bei usiniulize humu 😂 Jumapili ukitoka asubuhi usilifungue, Songea bado kuna kibaridi, subiri Tunduru huko.