MREJESHO: Hataza ya kifaa kinachojisakinishia draiva

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau: ombi langu la hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi) Marekani lilikataliwa kwa kifungu cha 103 cha sheria ya hataza, kwamba uvumbuzi ni dhahiri, yaani mtu wa fani hiyo angeufikia kwa urahisi. Kifaa changu hubeba ndani draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia). Ukikichomeka kinaisakinisha chenyewe. Mkaguzi aliunganisha nyaraka mbili za zamani akamaliza kazi.

Mlioniambia niache kushambulia kila waraka peke yake, asanteni sana. Tangu kesi ya KSR dhidi ya Teleflex (Mahakama ya Juu ya Marekani, 2007), mtu wa fani huhesabiwa kuwa na ubunifu wa kawaida, yaani anaweza kuunganisha mawazo ya nyaraka tofauti, na kompyuta kutambua kifaa chenyewe kulishazoeleka tangu Windows 95. Nilikuwa napigana na ukuta.

Dai pana la ombi langu, la kifaa kujisakinishia draiva kwa jumla, limekufa. Takwimu za mauzo, nilizotoa kuonyesha kuwa uvumbuzi si dhahiri, pia ziligoma, maana sikuweza kuonyesha kuwa wateja walivutwa na uvumbuzi wenyewe (huenda walivutwa na bei tu).

Kilichopita ni dai jembamba: draiva mpya ijaribiwe kabla ya kufuta ya zamani. Waraka wa pili ulisisitiza ya zamani ifutwe kwanza, yaani ulielekeza kinyume kabisa na njia yangu. Aliyenishauri niusome upya wote, si muhtasari tu, ndiye aliyeniokoa.