Upimaji wa kusoma darasa la pili: watoto wetu wa Tarime wanakatwa maksi kwa sababu ya lafudhi!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Nafundisha darasa la pili huku Tarime. Wamekuja wapimaji na vishikwambi vyao: mtoto anapewa kifungu, asome kwa sauti dakika moja. Neno akilikosea linakatwa, mwisho yanahesabiwa maneno sahihi kwa dakika. Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Ila mtoto akisoma "arikuwa" badala ya "alikuwa", kakatwa. "Arienda", kakatwa. "Wakarara", kakatwa.

Kikurya, lugha ya huku kwetu, hakina L jamani, kina R. Na hadithi za watoto karibu zote ni za wakati uliopita, kwa hiyo hiyo -li- imejazana kwenye vitenzi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Yaani kitu kimoja, tena ambacho si kosa la kusoma, mtoto anaadhibiwa nacho upya kila sentensi. Nina mtoto wa askari aliyehamia kutoka Morogoro, anasoma kwa kusuasua, lakini kampita binti wa hapa hapa anayetiririka. Yalipofika maswali ya ufahamu, binti kajibu yote. Yule wa Morogoro kabaki anamkodolea macho mpimaji. Sasa nani kasoma?

Majirani zetu Wajaluo wa Rorya nao hawana SH, shamba linakuwa "samba". Usukumani R inageuka L. Wote hao wajiandae.

Balaa zaidi ni yale maneno ya kubuni, yasiyo na maana, ya kupima kama mtoto anaunganisha silabi. Ukiandikiwa "lupo" ukasoma "rupo", huna pa kujitetea, kwa sababu hakuna maana ya kumwonyesha mpimaji kwamba herufi umeijua.

Na mpimaji mwenyewe? Wakati wa chai anatuambia elimu ina "samani" kubwa, tusiwe na "zarau". TH na DH kaziacha wapi? Mbona hakuna aliyemkata?

Msije hapa na hoja ya kura na kula, kwamba L na R hubadili maana. Kwenye imla mtoto akiandika "kurara", mkateni, hata mimi namkata. Lakini kusoma ni kuitambua herufi na kuelewa kilichoandikwa, si kutamka kama mtangazaji wa redio. Wala sijabuni mimi. Mwongozo wa EGRA, kipimo cha kimataifa cha kusoma kwa madarasa ya mwanzo ambacho vipimo vingi vya namna hii vimekiiga, unataka tofauti za lafudhi zisihesabiwe makosa. Wamarekani na DIBELS, kipimo chao cha kusoma, wanasema hivyo hivyo. Tumechukua saa ya kuhesabia dakika, maelekezo tumeyaacha huko huko.

Halafu ripoti itatoka kwamba watoto wa huku hawajui kusoma, na sisi walimu tutaitwa kikaoni kujieleza mbele ya watu ambao hawajawahi kumsikia hata mtoto mmoja akisoma.

Wapimaji mliomo humu, jitokezeni. Kwenye semina mliambiwa nini kuhusu L na R? Na kama mliambiwa msikate, nani anarekebisha alama ambazo zimeshatumwa?