Ligi ya Hoki ya Ontario: umri wa kuingia na nafasi ya chuo kikuu

Swali
Habari zenu ndugu. Mpwa wangu anaishi Kitchener, Kanada, na mwakani atatimiza miaka 16. Kocha wake anaona huenda akachaguliwa na klabu ya Ligi ya Hoki ya Ontario (OHL), ambayo ni hoki ya barafuni, lakini wazazi wake wameambiwa kwamba anayecheza huko hawezi tena kuchezea chuo kikuu cha Marekani. Naomba kueleweshwa kanuni hizo.

Jibu la kwanza
Ligi hiyo ni ya vijana wa miaka 16 hadi 20, na kila klabu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya wachezaji watatu wenye miaka 20. Ilitokana na Chama cha Hoki cha Ontario, kilichoundwa mwaka 1890, kisha ikaanza kujiendesha yenyewe mwaka 1980. Leo ina klabu 20, tatu zikiwa Marekani, na kila moja hucheza mechi 68 kabla ya mtoano.

Yupo anayeweza kuingia akiwa na miaka 15, ila kwa kibali maalumu ambacho hutolewa baada ya kupimwa uwezo wake uwanjani pamoja na masomo na ukomavu wake. Wa kwanza kukipata alikuwa John Tavares, mwaka 2005, akachukuliwa na klabu ya Oshawa Generals. Kwa maoni yangu ugumu huo ni wa haki, maana mtoto huhamia kwa familia mwenyeji, na basi la timu kutoka Sault Ste. Marie hadi Ottawa hukata takriban kilomita 800, wakati shuleni mtihani wa hesabu unamsubiri.

Jibu la pili
Waliyoambiwa wazazi yalikuwa kweli hadi juzi. NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliihesabu OHL kuwa ya kulipwa na hivyo kuwazuia waliocheza huko, kwa sababu wachezaji hupewa posho na baadhi yao tayari wana mikataba na klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa ya Marekani na Kanada. Novemba 2024 zuio hilo liliondolewa kwa vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, kuanzia tarehe 1 Agosti 2025, mradi kijana asiwe amelipwa zaidi ya gharama zake halisi za lazima.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Na asipopata chuo cha Marekani?

Jibu la pili
OHL yenyewe hutoa ufadhili wa masomo, kwa kawaida mwaka mmoja wa chuo kwa kila msimu aliocheza. Masharti yake yamo kwenye mkataba wa klabu, hususan kuhusu anayesaini baadaye kucheza kwa kulipwa, kwa hiyo wazazi wausome wote kabla ya kutia saini.