Mrejesho: ile 11265 ya tenki la Hombolo

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kipimo cha tenki la shamba la zabibu kule Hombolo kinatuma sentimita 300, halafu kompyuta yangu hapa Dodoma mjini inasoma 11265. Mkuu mmoja akasema: ziandike kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16, kila baiti tarakimu mbili). 300 ni 01 2C. 11265 ni 2C 01, yaani baiti zilezile zimebadilishana nafasi. Nikabaki nacheka peke yangu. Kipimo kinatanguliza baiti kubwa, kama ilivyo desturi ya mtandao. Prosesa yangu ya Intel inaanza na ndogo.

Kosa langu jingine: nilikuwa nageuza mpangilio wa baiti za pakiti nzima (furushi la data toka kwenye kipimo) kwa kitanzi, kisha nalalamika programu ni nzito. Sasa nasoma ninachokihitaji tu (p inaelekeza baiti ya kwanza ya namba):

(p[0] << 8) | p[1]

Haijali mashine ni ya aina gani. Nimechungulia asembli (maagizo ya prosesa) inayotolewa na kikusanyaji cha GCC kwa -O2, yaani kikiboresha kasi: inasoma mara moja, inabadilisha nafasi za baiti kwa agizo moja la rol, basi. Yule aliyeshauri kukasti pointa, yaani kuisoma anwani ya baiti moja kwa moja kama namba ya baiti mbili, samahani mkuu, namba yangu inaanzia baiti ya 3, anwani haigawanyiki kwa mbili, haijakaa sawa.

Tenki lenyewe kumbe linavuja, ila hilo namwachia fundi bomba.