Karo nimelipa yote, wachoraji wanawake wako wapi?

Ndugu zangu, nimevumilia wiki sita nikinyamaza, na leo nimeshindwa. Nimejiandikisha katika kozi ya jioni ya historia ya sanaa kwenye chuo kimoja hapa katikati ya jiji, karo nimelipa yote kabla ya kipindi cha kwanza, na kila Alhamisi napambana na msongamano wa Barabara ya Thika ili niwahi saa kumi na mbili. Tulianzia Italia ya karne ya 15, sasa tuko Uholanzi ya karne ya 17, na hatujatajiwa hata mwanamke mmoja aliyeshika brashi. Wanawake tumewaona, tena wengi, ila wote ni wa kuchorwa, na nusu yao hawana nguo.

Nilipouliza, mhadhiri alinijibu kwa upole unaoudhi kuliko ukali: "Dada, enzi hizo wanawake hawakuwa wakichora." Basi Artemisia Gentileschi, aliyeingizwa katika akademia ya wachoraji ya Florence mwaka 1616, alikuwa akifanya nini huko? Na Sofonisba Anguissola, aliyeitwa katika jumba la Mfalme Philip II wa Uhispania, alikwenda kufua?

Lakini kilichonichoma hasa ni ukurasa wa 23 wa kijitabu chetu cha fotokopi. Kuna picha ya mwanamume anayepiga fidla na mwanamke aliyeinua glasi, na chini yake imeandikwa "Frans Hals", mchoraji mwanamume wa Uholanzi. Picha hiyo, ambayo leo iko katika makumbusho ya Louvre huko Paris, ilichorwa mwaka 1630 na mwanamke, Judith Leyster wa mji wa Haarlem, Uholanzi, na saini yake imo: herufi J na L zilizoshikana, pamoja na nyota, kwa kuwa jina lake la ukoo lina maana ya nyota iongozayo. Iliwahi kuuzwa kama kazi ya Hals, wafanyabiashara wakafikishana mahakamani London kwa ajili ya pesa zao, na mwaka 1893 mtaalamu Hofstede de Groot akathibitisha saini hiyo ni ya nani. Ni zaidi ya miaka 130 sasa! Tena Leyster huyu alikuwa mwanachama kamili wa chama cha wachoraji cha Haarlem tangu 1633, akiwa na wanafunzi wake mwenyewe, na aliwahi kumshtaki Hals huyohuyo mbele ya chama kwa kumpokea mwanafunzi aliyemtoroka. Hals alimnyang'anya Leyster mwanafunzi wakiwa hai. Sisi tunampa Hals na picha yake.

Nimeiandikia ofisi mara mbili, nikajibiwa kwamba mtaala umekwisha kuidhinishwa. Sidai kurudishiwa fedha. Nadai jina lililo chini ya picha hiyo lirekebishwe kabla ya mtihani, kwa sababu nikiulizwa nitaandika Leyster, na najua nitakatwa alama. Aliyesoma hapo mwaka jana anijuze: nanyi mlipewa ukurasa huohuo?