Naomba ushauri: mama hajainuka tangu afiwe na mwanawe

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mama yangu, aliyevuka miaka 70, alimzika kaka yangu mkubwa mwaka juzi, na tangu hapo hajawa yeye. Halii mbele ya watu. Hulalamikia mgongo na tumbo, huamka kabla ya alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda, mkononi ameshika simu ya marehemu, ambayo bado huichaji. Vipimo vya hospitali havikuonyesha kitu. Nimesoma kwamba sonona kwa wazee mara nyingi hujitokeza kama maumivu au usahaulifu, na kwamba mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unaitambua huzuni inayomlemea mfiwa kwa zaidi ya miezi 6 na kuvuruga maisha yake kuwa tatizo la kiafya. Jamaa wanasema ni uzee tu, jambo nisilolikubali hata kidogo. Kinachonitisha zaidi ni kauli yake kwamba ilipaswa atangulie yeye. Je, nimuulize waziwazi kama anafikiria kujiua? Na aliyewahi kumshawishi mzazi wa namna hii aonane na mtaalamu wa afya ya akili alianzaje, maana kila nikimtaja marehemu, mama hubadilisha mazungumzo?